Ufunguo wa Kabati la Vikombe

Kuna mlio mdogo ambao hadi leo hunirudisha kijijini kwetu Soy: ufunguo mwembamba ukigonga kifungo cha sweta. Mama aliuvaa shingoni kwa uzi wa kufumia, na ukisikia ti-ti-ti nyuma ya mlango, ulimeza haraka sukari uliyoiba.

Ufunguo ule ulikuwa wa kabati la vioo sebuleni. Ninyi mliokulia upande huu mnalijua kabati hilo bila kuelezwa: vikombe vya harusi visivyowahi kutiwa chai, sahani za maua, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Na kwetu, katikati ya vikombe, kama mfalme, ililala sindano ya dada yangu Nyambura.

Nyambura na nyuki hawakuelewana. Aliumwa mara moja akichuma maharagwe, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Ni Mungu na pikipiki ya jirani waliomfikisha hospitali. Shangazi, dada ya Baba aliyefanya kazi ng'ambo, aliposikia alituletea sindano ya adrenalini yenye umbo la kalamu nene. Alitufundisha: toa kifuniko, kandamiza kwenye paja, hata juu ya nguo, kisha mkimbize hospitali.

"Na itembee na mtoto, wifi," alimwambia Mama. "Shuleni, shambani, kanisani."

"Ati itembee? Hawa wanapoteza viatu wakiwa wamevivaa! Dawa iliyopanda ndege, nimpe Nyambura aende nayo kuteka maji?"

Tulicheka sote, Nyambura kutuzidi. Basi ikaingia kabatini. Wageni walioneshwa. Mchungaji aliiombea. Mzee Kiprop, jirani yetu mfugaji wa nyuki, aliikodolea macho kupitia kioo akasema, "Hii kalamu ni ya mkubwa kabisa." Nami nilitamba shuleni kwamba kwetu kuna dawa ambayo hata daktari hajaiona.

Kisha ukaja uchaguzi, na vurugu zake. Asubuhi moja moshi ulipanda ng'ambo ya mto, na Mzee Kiprop akaja mbio. "Mama Nyambura, tokeni sasa hivi. Hawa vijana wetu wanaochoma nyumba hawanisikii tena." Tulikatiza shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa hadi uwanja wa kanisa. Mama alibeba unga, blanketi na Biblia. Ufunguo ulikuwa shingoni, ukigonga kifungo kwa kasi ya miguu yake.

Moshi haukufukuza watu tu. Mchana, nyuki waliotimuliwa mizingani walitua kwenye mikaratusi ya kanisa, wakiwa na hasira kama za binadamu wa siku ile. Nyambura alijifunika uso kwa leso. Haikutosha.

"Kalamu!" Mama alipiga kelele. Aliukata uzi, akamsukumia Baba ufunguo mkononi. "Baba Nyambura, kimbia ufungue!"

Upande wa nyumbani mbingu ilikuwa nyeusi. Baba alikimbia hata hivyo. Barabara zilizibwa kwa mawe, na hapakuwa na gari ambalo lingethubutu. Nyambura alivuta pumzi ya mwisho mapajani mwa Mama kabla Baba hajarudi. Alirudi na ufunguo tu.

Mengine ya maisha yangu mnayaona wenyewe. Niliondoka na begi moja, nikaosha vyoo vya ugenini, nikapata diploma ya uuguzi bila kushikwa mkono na mtu. Nimerudi nikajenga hapa mjini, mtaa wa West Indies, nyumba ambayo kila mpita njia huuliza ni ya nani. Binti yangu hudhuriwa na njugu, naye hatoki getini bila sindano zake mbili kwenye mkoba wa kiunoni. Sebule yangu haina kabati la vioo. Fundi alishangaa.

Mama anaishi nasi. Kabati liliungua na vikombe vyake, lakini ufunguo bado anauvaa. Kila asubuhi humpapasa mjukuu wake kiunoni.

"Ziko?"

"Ziko, Cucu."

Kwa miaka mingi niliamini, na diploma yangu ikakubaliana nami, kwamba ni majivuno yaliyoifungia dawa ile. Ilibidi niwe mzazi ndipo nielewe. Katika nyumba yetu kila kitu kiliraruka, kikapotea au kikaliwa na panya. Kabati lile ndilo lilikuwa mahali pekee ambapo hapakuwahi kuvunjika kitu. Humo ndimo Mama alimokuwa amemweka Nyambura.