Daktari Anaitafuta Waifai

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba nyuma ya duka la fotokopi kuna fundi asiyeshindwa na kompyuta yoyote. Kaandika hivyo mwenyewe ukutani. Watu wanamwita Daktari: hakieleweki anachosema, na hapendi kuulizwa.

Kila laptop inayoingia kwake hufutwa Windows na kuwekewa Linux, upende usipende. Kwanza ni ya bure. Pili, kitu kikigoma, lawama anaibeba Linux.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja, mshona sare za shule, kakumbatia laptop kama mtoto mwenye homa. Alitumiwa laptop hiyo na mwanawe aliyekuwa ng'ambo, ili waonane. Sasa mwanawe kafia hukohuko, anazikwa hukohuko, na mazishi yanarushwa mtandaoni saa nne. Simu ya mama ni ya vitufe.

"Mwanangu, haioni waifai. Tangu uisafishe feni, haioni. Hata marehemu sikumwona tena."

"Pole, mama yangu. Draiva hiyo. Sasa hivi tu."

Akaandika amri ya kuorodhesha vifaa. Kadi ya sauti ipo. Ya picha ipo. Ya waifai, kimya.

"Unaona? Linux kaificha."

Akaizima, akaiwasha. Draiva mpya, programu ya kuiamsha kadi, ingepatikana mtandaoni, ila mtandao ndio huo waliokuwa wakiutafuta. Akapekua flashi tatu, akapata draiva ya printa.

"Si utumie simu yako, baba?"

Simu ya Daktari ilikuwa mezani, imefumuliwa, inasubiri kioo.

"Wewe unatibu au unapiga ramli?" mama akauliza, macho kwenye saa ya ukutani.

Saa nne ikafika, ikapita. Jasho likimtiririka, Daktari akashika bisibisi, akaifungua laptop tumbo. Mahali pa kadi ya waifai palikuwa patupu. Waya mbili za antena zilikuwa zinaning'inia, zimefungwa kwa selotepu ya kijani.

Selotepu ya kijani ilikuwa yake. Siku ya kusafisha feni aliichomoa kadi ile, akampachikia karani mmoja aliyekuwa na haraka. Kuazima tu. Ndivyo kazi inavyokwenda humo: kadi ya huyu kwa yule, betri ya yule kwa huyu, mpaka kila mteja anatembea na viungo vya mwenzake.

"Hapo palikuwa na nini?"

Daktari akainuka. Akashusha laptop nyingine kutoka kwenye rafu, akaipasua, akachomoa kadi, akaipachika kwa mama. Majina ya mitandao yakajipanga kwenye kioo, ya mtaa mzima.

Daktari akaunganisha wa duka la fotokopi, mazishi yakafunguka. Kulikuwa na tuta la udongo mbichi, na mtu mmoja akikusanya viti.

Mama akatazama mpaka kiti cha mwisho kikaondolewa. Akaifunika laptop taratibu.

"Na hii kadi ni ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja," Daktari akasema. "Anakuja kesho."