Picha Iliyomsubiri Kyungu

Harufu ya solusioni, ile gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, hunirudisha kwenye ua wetu wa Kenya, mtaa wa wafanyakazi hapa Lubumbashi, na siipendi. Wengine utoto wao unanukia mkate. Wangu unanuka gundi, vumbi na moshi wa kiwanda cha shaba, ambao upepo ukigeuka uliingia nyumbani bila hodi na kutukohoza sote. Zilikuwa siku za Zaire, kampuni ya serikali ikigawa unga kila mwezi na baba akivaa ovaroli yake kama askari wa gwaride. Mwisho wa kiangazi kimoja, joto likiwa limetuchosha hata kugombana, baba alikwenda soko la Kenya kununua viatu vya kazi. Alirudi na kamera. Aliitoa kule nyuma ya soko, walikouza juu ya magunia vitu vilivyoachwa na Wazungu: pasi, gramafoni bubu, miwani ya watu waliokwisha kwenda zao. Ilikuwa kamera ya kukunjua, yenye mvukuto wa ngozi nyeusi kati ya lenzi na mgongo, na ngozi yenyewe ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo.

“Aka! Viatu iko wapi?” mama aliuliza. “Kesho utavaa hii apareye ku miguu?”

“Hii itapiga foto ya mapasa,” baba akasema, na mama akasahau viatu papo hapo. Mapasa, yaani mapacha, walikuwa wadogo zangu Kyungu na Kabwe, msichana na mvulana, wa miaka mitatu, wasiofanana hata kidogo. Mama yake mama, aliyeishi kijiji cha mbali cha Kasomeno, hakuwa amewaona tangu wazaliwe, miguu yake ikiwa imekataa safari, na mama alikuwa na hamu moja tu duniani: kumpelekea bibi picha ya watoto hao wawili pamoja. Studio ya mjini tulikwishajaribu. Kabwe aliziona taa, akapiga yowe, Kyungu akamsaidia, na mpiga picha akatutoa nje huku akijifuta jasho.

Basi baba akaanza kuihangaikia ile kamera kila alipotoka kazini. Lenzi ilikuwa na ukungu wa kuvu, akaufuta kwa spiriti ya dawa na kipande cha shati lake la harusi, mama akitazama pembeni. Kifunga mwanga, kile kinachofunguka na kujifunga picha inapopigwa, kilikuwa kimeganda, akakiosha kwa petroli kidogo kidogo mpaka kikaanza kulia, tek, kama ulimi wa mtu anayedharau. Kazi kubwa ilikuwa mvukuto. Alinifunika blanketi nzito pamoja na kamera na tochi, mchana wa jua kali, nami kule ndani, nikikaribia kuiva, niliingiza mwanga kwenye mvukuto na kumtajia kila tundu nililoliona liking'aa. Akachanganya solusioni na masizi ya sufuria ili iwe nyeusi, akapaka, akasubiri ikauke, akanirudisha tena blanketini. Nililalamika sana. Nilikuwa nimechoka kuwa dada mkubwa. Mwishowe nikawa naona giza tupu, na siku hiyo baba alinunua filamu na kuiweka ndani.

Usiku huohuo Kyungu alipata homa, na asubuhi uso wake ulikuwa umejaa vipele vya surua. Kwetu mtoto wa surua hatolewi mwangani. Mama aliziba dirisha kwa kitenge, akamlaza chumbani, na kamera ile, isiyokuwa na taa yake, ilihitaji jua. Kabwe yeye alikuwa mzima kabisa. Alikuwa uani amekalia ndoo, kifua wazi, anampigia kuku kelele, na jua lilikuwa zuri, lile la asubuhi lisilouma. Baba alikunjua kamera, akapiga goti.

“Mama Mapasa, acha nimupige huyu kwanza. Mwenzake tutamupiga akipona.”

Mama alitoka mbio, akasimama mbele ya lenzi. “Mumoja peke yake? Hapana. Bote babili, ao hakuna.”

Asiyelelewa pamoja na mapacha ataona ni ukaidi. Kwetu chochote apewacho mmoja, mwenzake hupewa: kitambaa kilekile, kipande cha samaki kilekile, na Kabwe akivunja chungu, wote wawili walichapwa. Ukimpendelea mmoja, yule mwingine anakasirika na kuondoka, na anakokwenda harudi. Kyungu alikuwa anaungua kwa homa. Mama aliogopa kwamba akisikia ile tek huko nje, akajua mwenzake amepewa kitu yeye akanyimwa, atakwenda. Baba alimtazama, akakunja kamera. Naye alikulia katika nyumba yenye miiko hiyohiyo.

Kyungu alipona. Siku aliyoketi na kuomba uji, Kabwe alilala chini. Kwake surua ilishuka kifuani, akapumua kwa shida siku chache, na akatutoka mikononi mwa mama, saa ya mchana, redio ya jirani ikiimba. Pacha haliliwi, maana ukimlilia, aliyebaki humfuata. Mama alituambia tufunge midomo, na tulifunga.

Baada ya matanga mama mwenyewe aliitoa kamera. Alitandika mkeka uani, akamketisha Kyungu upande mmoja, na upande wa pili hakuruhusu mtu akae. Baba akapiga filamu yote. Picha ziliporudi kutoka studio baba alizipeleka dirishani, akazikagua moja moja akitafuta kasoro: mstari wa mwanga, ukungu, tundu lililobaki. Hakuna. Zilikuwa safi hata nyuzi za mkeka zilihesabika. Alikuwa anaomba ziwe zimeharibika, ili tuseme kwamba hata picha ya Kabwe, ile asubuhi ya ndoo, isingetoka. Hakuigusa tena ile kamera. Mimi nilimkasirikia mama kwa miaka mingi, kimya kimya, nikimpikia na kumfulia. Sasa nimechoka hata kukasirika.

Leo simu yangu imejaa picha mpaka inakataa nyingine. Watoto wanapigwa picha wakila, wakilala, wakinuna, mmoja mmoja, na hakuna anayeuliza mwenzake yuko wapi. Baba na mama wamekwenda. Juzi Kyungu, ambaye sasa ni bibi mwenye magoti mabovu, alikuja na mjukuu wake, akaketi, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

“Yaya, Kabwe alikuwaka na sura ya namna gani?”

Nilimjibu upesi: paji pana, macho ya uvivu, kishimo kwenye shavu la kushoto. Alifurahi mno, akanishika mkono, akarudi kwake akitabasamu. Sikumwambia kwamba nilikuwa namtazama mjukuu wake aliyekuwa akicheza mlangoni, na uso niliomsimulia ulikuwa wa mtoto huyo. Wa Kabwe nimeutafuta kichwani mwangu tangu siku hiyo, na haupo.