Bahasha ya Maswali ya Riyama

Mwaka jana Riyama Ubwa wa Kikwajuni, Unguja, alikuwa kiranja wa kidato cha tatu. Mwalimu Abdulwahid wa bayolojia alipofika sura ya uzazi, alizipindua kurasa zake zote kwa mkupuo mmoja. "Haya mtayasoma wenyewe majumbani mwenu," akasema, akaanza sura ya mimea.

Wiki ile ile Sumaiya, aliyekaa naye dawati moja, aliacha kuja skuli. Riyama alikwenda kumtazama, akamkuta kajilaza, macho yamemvimba kwa kulia. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na muda wote huo akidhani ni minyoo.

"Hakuna alonambia kitu," Sumaiya alisema. "Hata mmoja."

Riyama alirudi na hasira. Kesho yake aliipitisha darasani bahasha kubwa ya kaki: mwenye swali lolote kuhusu mwili wake aandike, asitie jina. Wakaandika wasichana, wakaandika na wavulana. Kwa wiki mbili yalipatikana maswali mia na kumi na mbili. Hapo akaiandikia barua kamati ya skuli, kuomba muuguzi aje kuwafundisha. Alieleza kisa cha mwenzao aliyepata mimba bila ya kujua, ila jina la Sumaiya hakulitaja.

Barua ilifika mitaani kabla ya kujadiliwa. Mamake Riyama, Bi Mwanapili, anauza khanga Mlandege. Mteja wake wa miaka mingi aliirudisha doti aliyokwisha kuichagua.

"Sinunui kwako," alimwambia. "Mwanao anataka kuwafunza wanetu uhuni."

Bi Mwanapili alirudi nyumbani akamwambia bintiye, "Unanivua nguo mbele ya watu, Riyama."

"Mama, watoto hawajui hata miili yao."

"Kila mtoto ana mamake."

"Na wewe ulinambia nini, mama?"

Bi Mwanapili aliinuka akaingia chumbani.

Kamati ilimwita mbele ya wazazi. Aliingia akawaamkia, "Shikamooni," wakaitika wawili watatu tu. Mwenyekiti, Mzee Muhiddin, hakuitika.

"Nani kakutuma?" aliuliza. "Wageni wa hoteli za ufukweni Uroa?"

"Hakuna alonituma. Naomba nisome swali moja tu." Akatoa karatasi kwenye bahasha. "'Kila mwezi natoka damu. Nnaogopa kumwambia mama. Jee, ntakufa?'"

Wanaume wawili walitoka nje. Mzazi mmoja nyuma alijifunika uso kwa mtandio. Mzee Muhiddin akapiga meza.

"Nshasikia. Huna haya, na aliyekulea hana haya."

Riyama alikuwa amejiandaa kutukanwa yeye. La mamake hakulitarajia. Mwalimu mkuu, Bi Mashavu, aliichukua bahasha akaitia mkobani mwake, na hakuirudisha.

Baada ya miezi mitatu muuguzi alikuja kweli, kwa muda wa saa moja, kwa wasichana peke yao. Mzee Muhiddin alikubali kwa sharti: Riyama asiwemo. Wenzake walipokuwa wakisomeshwa, yeye alikuwa maktaba akipanga vitabu, akisikia sauti ya muuguzi ng'ambo ya ukuta bila ya kuyapata maneno. Ukiranja nao alivuliwa. Wale walioandika maswali walimpita ukumbini kama hawamjui.

Alimwomba mmoja wao, Salhiya, daftari lake. Salhiya alimpa kwa siri, akataka lirudi siku ile ile. Riyama alinakili kila neno mara mbili: nakala yake, na ya Sumaiya, ambaye alikuwa amekaribia kujifungua.

Jioni aliipeleka nyumbani kwa kina Sumaiya. Mlango ulifunguliwa na mamake Sumaiya, Bi Badria.

"Wewe ndiye uliyemtangaza mwanangu mjini," alisema.

"Sikumtaja, Bi Badria. Wallahi sikumtaja."

"Kwani kuna asiyejua ni nani?"

Riyama alimnyooshea zile karatasi kwa mikono miwili. Bi Badria alizipokea, akafunga mlango kwa komeo. Kama zilimfikia Sumaiya au zilitiwa motoni, Riyama hajui mpaka leo.