Siku Nilipofungua Duka la Dawa za Binamu

Jamani, msinicheke mapema, nimalize kwanza. Mie Zuhura, ambaye leo nabuni mabango kwa kompyuta na watu wananiheshimu, ndiye yule binti aliyeaibika mtaa mzima wa Temeke ukiangalia, na bora mnisikie mie mwenyewe kuliko kuhadithiwa na majirani.

Miaka ile ya tisini kila mtu alikuwa anafungua biashara yake, na kila biashara inataka kibao. Nilikuwa nimetoka chuo cha sanaa, miaka miwili ya kuchora herufi mpaka vidole vinakakamaa, ila baba yangu, karani wa stoo, alikuwaga akiulizwa nimesomea nini anajibu, "Mambo ya rangi rangi" (utadhani napaka kucha!). Basi rafiki yake wa msikitini, Mzee Shabani, akawa anafungua duka la dawa kule Temeke, na baba kwa kusitasita akanipigia debe. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana.

Chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya brashi kuna penseli: unapima kibao, unachora mistari, unapanga herufi moja moja. Sasa niko uani kwetu Kiwalani, majirani wamejaa wanaangalia, nikaona nikishika rula wataniona bado mwanafunzi, nikaiweka penseli pembeni, nikaandika kwa jicho tu, wao wanashangilia na kichwa changu kinavimba. Kesho yake nikakifunga kibao kwa shuka, kikatundikwa hivyo hivyo, eti diwani aje akifunue mbele za wageni wa ufunguzi.

Diwani akavuta shuka. Makofi! Halafu makofi yakakatika ghafla, na mama mmoja akasoma kwa sauti: "Duka la dawa za binamu."

Nikatazama. Kweli bwana. Nilitaka kuandika BINADAMU, ile DA nzima nimeiruka.

"Na sie tusio mabinamu tukatibiwe wapi?" mwingine akadakia, na hapo watu wakaanza kushikana mabega kwa kicheko. Diwani anajikaza, anakohoa. Mzee Shabani akanigeukia: "Binti, ndicho ulichosomea miaka miwili hicho?" Baba anaangalia viatu vyake.

Miguu ilitaka kukimbia, siwafichi. Lakini chuoni kila Ijumaa tulikuwa tunabandika kazi zetu ukutani na kusimama kando yake, wenzako wanaichambua mpaka mfupa, na ukitoka nje kulia, Ijumaa inayofuata wanaanza na wewe. Nimelia Ijumaa nyingi mie. Siku ile nikajikuta nimesimama chini ya kibao changu, sijasogea hata hatua.

"Mzee, chuo kilinifundisha kupima," nikasema, wote wasikie. "Kutopima ni ujeuri wangu mwenyewe. Naomba ngazi na mafuta ya taa."

"Sasa hivi? Mbele za wageni?"

"Nimekosea mbele yao, nitarekebisha mbele yao."

Nikapanda na gauni langu la sikukuu na mfuko wangu wa brashi. Nikafuta neno zima kwa tambara (rangi ilikuwa bado haijashika sawasawa), nikatoa rula, nikapima kama niko kwenye mtihani. Watu wanatania, mie napima. Ngazi ikayumba, nikatazama chini, kumbe baba amekuja kuishika kwa mikono miwili.

"Soma kila unachoandika," akasema.

Nikawa naandika nasoma, naye ananiitikia kwa chini, bi, na, da, mu, mpaka pilau ikapoa na diwani akaaga. Baba hakuniomba samahani kwa yale ya rangi rangi, wala mie sikuidai.

Gauni liliishia kuwa tambara, na Temeke waliniita Binamu kwa miaka. Lakini yule mama aliyesoma kwa sauti ndiye aliyenipa kazi iliyofuata, kibao cha saluni yake. Aliniambia, "Nilikuona ulivyokuwa unapima, nikasema huyu anajua kazi."

Tangu hapo hakitoki kitu mezani kwangu bila mtu wa pili kukisoma, hata iwe kadi ya harusi. Wateja wenye haraka wananiambia naringa. Naringa, ndiyo. Asiyeweza kungoja milango ipo mingi mjini, aende.