Tulia na picha nzuri

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hospitali nzima inamwita Tulia, maana ndilo neno analoshinda akilitamka: tulia mama, tulia baba, usipumue, haya pumua. Anapiga picha za ndani ya mwili, kwenye utafiti wa kutafuta mahali kirusi cha kikohozi kinapojificha mtu akishaacha kukohoa. Unachomwa sindano ya dawa, unalazwa kwenye mashine, na pale kirusi kilipojibanza panawaka kwenye kioo cha kompyuta. Mtu mwema huyu, ila ulimi wake, jamani!

Siku hiyo alikuwa na bibi mmoja, fundi cherehani, aliyekataa katakata kumbeba mjukuu wake wa kwanza mpaka picha iseme kirusi kimekwisha. Tangu mtoto azaliwe, bibi alimtazama kwa mbali tu. Sasa mtoto yuko koridoni na mama yake, na bibi kwenye mashine hatikisi hata ukope.

"Picha nzuri sana, bibi!" Tulia akasema.

Kwa wapiga picha wa hospitali, picha nzuri ni ile ambayo mgonjwa hakutikisika. Bibi angejuaje? Alishuka, akasahau hata viatu, huyo, nje!

Daktari wa utafiti akainamia kioo. "Utumbo unawaka. Bado kipo."

Tulia akaeleza alichomwambia bibi.

"Kumbeba mtoto ni sawa," daktari akasema, "vipimo vingine vimeonyesha haambukizi. Lakini wewe umemwambia amepona. Nenda kamweleze."

Tulia akachukua viatu, akatoka. Akamkuta mtoto kalala kifuani pa bibi, na bibi analia huku anacheka. Nusura arudi alikotoka.

"Bibi, nisamehe. Niliposema picha nzuri, sikumaanisha umepona. Kirusi bado kipo, utumboni."

Uso wa bibi ukabadilika. "Mungu wangu! Mchukueni, mchukueni haraka!"

"Hapana, bibi! Humwambukizi, daktari kasema. Mbebe tu. Ila nimekudanganya bila kujua, na ulivyofurahi..." Jitu zima, viatu vya watu mkononi, likaanza kulia kwa sauti mbele ya wagonjwa.

Bibi akamtazama. Kisha akamkumbatia mjukuu wake vizuri zaidi.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Utamwamsha."