Daftari la Alama za Tambi

Juzi tulipokuwa tukigawa nguo za marehemu bibi pale Kiwalani, chini ya sanduku lake nikakuta daftari langu la darasa la nne, jalada limetafunwa na mende. Nilicheka kwa furaha, rafiki yangu. Ngoja nikueleze kwa nini nililifunga kwa hasira.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa Mjapani mmoja kule Msasani. Bosi alipohama nchi akamwachia katoni nzima ya rameni, tambi za Kijapani za kumwagia maji ya moto. Mjomba akaingia nayo uani kifua mbele, akitamba kwamba Kijapani anakisoma. Bibi akaigeuzageuza pakiti.

"Mwanangu, nguruwe hamna humu? Akiwemo hata kwenye pakiti moja, katoni nzima naitupa jalalani."

Mjomba akaapa. Kuku, samaki, mbogamboga, basi.

Ikawa kila Jumapili mchana tunaonja pakiti moja na kuipa alama juu ya kumi. Karani nilikuwa mimi: naosha ganda la pakiti, nalishonea kwenye daftari kwa sindano ya bibi, kisha naandika alama za kila mtu. Jirani muuza maandazi alikuwa mchoyo wa alama kuliko mwalimu wetu wa hesabu. "Zinateleza tu, hazishibishi. Nne." Ndege zilikuwa zinashuka juu ya bati letu, tunanyamaza mpaka zipite, halafu mabishano yanaendelea. Bibi alikamulia limao kila kitu, tambi zikimchapa kidevuni, anacheka mpaka machozi.

Kuna moja ilimteka. Mchuzi wake mweupe, mzito, kama supu ya mifupa iliyochemka tangu alfajiri. Bibi akatoa kumi, mimi tisa. "Zilizobaki za namna hii niwekeeni za Ramadhani," akasema. Na siku ya mfungo wa kwanza Mjomba mwenyewe alimwagia maji, akamletea mama yake kwenye sinia. Bibi akafungulia tende, akamaliza bakuli, akainua mikono.

"Mungu akulipe mwanangu, kwa kila ulichonilisha."

Sasa juzi, kwa utundu tu, nikalimulika lile ganda kwa simu ili kamera initafsirie. Mifupa ya nguruwe. Nikamulika yote. Matatu yana nguruwe.

Ningeweza kusema Mjomba alijisifu bure, Kijapani hakukijua, akakosea. Nilitaka sana kusema hivyo. Lakini alama zipo, kwa mwandiko wangu wa kitoto. Kwenye tambi zote Mjomba ana namba yake, isipokuwa hizo tatu. Hapo nimemwekea mstari mtupu. Nikakumbuka: siku hizo alikuwa anashika tumbo, eti linamsumbua, yeye ambaye siku nyingine alikuwa anakwangua sufuria.

Nikamfuata barazani. Shikamoo ilinitoka kwa shida.

"Mjomba, ulijua?"

Akalitazama daftari. "Bosi alinionyeshaga zipi na zipi. Ningesema, mama angetupa zote. Bibi yako hakujua, mwanangu, hana dhambi."

"Mie sikuulizi dhambi ya bibi."

Akajifanya anatafuta kandambili zake.

Kinywa chake alikilinda. Cha mama yake akakijaza, tena siku ya mfungo, ili asionekane kaleta katoni ya kutupwa. Zile Jumapili ndizo urithi pekee niliobaki nao kwa bibi, na sasa nikizikumbuka namuona yeye kashika tumbo. Nguo za bibi zimegawiwa, jirani alishahama, na kicheko kile siwezi tena kukisikia bila kutaka kumzuia bibi mkono.

Kilichobaki ni ile dua ya futari. Siku ile tuliiitikia amina midomo imejaa tambi. Sasa naiitikia kwa moyo wangu wote.