Ng'ombe Aliyekonda Tumbo Likiwa Limejaa

Nilipoletwa Tarime kufundisha, nikitokea Songea, nilipanga chumba Nyamisangura kwa mama mmoja mjane. Mifugo ya ukoo wao ilikuwa kijijini Nyanungu kwa shemeji zake. Yeye alibaki mjini na ng'ombe mmoja wa maziwa, kwa sababu, alisema, boma lisilo na ng'ombe ni kama lina msiba. Asubuhi alimfungulia, naye akajichunga pembeni mwa barabara na nyuma ya soko. Jioni alirudi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Ndiyo maana ng'ombe alipoanza kukonda, niliitwa mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu njoo umwone huyu. Siku hizi hacheui."

Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa. Mbavu zilihesabika, lakini ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba kama wa mnyama aliyeshiba. Nilimweleza mama kile ninachowaeleza wanafunzi: majani huingia kwanza kwenye tumbo kubwa, vijidudu visivyoonekana huyalainisha, ng'ombe huyarudisha mdomoni akayatafuna upya, kisha yanashuka hadi kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko chakula huingia kwenye damu. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Sasa tumfanyeje?"



Tukamwita daktari wa mifugo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora. Alikandamiza ngumi kwenye ule ubavu, akaiondoa. Shimo la ngumi likabaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Mama, humu kuna plastiki. Mifuko, kamba, vitu vya jalalani. Haviozi wala havipiti."

"Mpe dawa, mura," mama alisema, kama anavyosema na vijana wa kwao.

"Hakuna dawa ya kuyeyusha plastiki. Upasuaji upo, ila huyu hana nguvu ya kuuhimili. Ushauri wangu, mchinje mapema."

"Nimchinje na ndama ndani?"



Basi tukawa tunasubiri ndama. Mama aliacha kumfungulia. Alimkatia majani mabichi mwenyewe, akamchanganyia pumba na chumvi, akamlisha kwa mkono huku akimbembeleza kwa Kikurya. Nilikuwa naelewa maneno machache tu, lakini sauti ile ilikuwa ya mtu anayemlisha mtoto mgonjwa. Na ng'ombe alikula! Hilo ndilo lililoniumiza. Alikula kidogo kila siku, mama akafurahi, akaniita nione. Mimi nilijua kwamba hata kile kidogo kinachopenya kwenda chini kinachukuliwa na ndama, na ndama naye hakimtoshi. Mara kadhaa nilitaka kumwambia aache. Nikaishia kumshikia beseni.

Asubuhi moja ng'ombe hakuinuka. Majirani wakaja, wanaume wakamtilia magunia chini ya kifua wamnyanyue, miguu ikakunjika. Mama akaketi chini, akakiweka kichwa cha ng'ombe mapajani. Kabla ya mchana mnyama alikufa, bila kuzaa.

Daktari akaitwa tena, akampasua ili athibitishe. Ndama alikuwa ametimia karibu kila kitu, hata kwato, ila mdogo mno. Mama akamfunika kwa kanga yake mwenyewe.

Kisha tumbo kubwa likafunguliwa. Likatoka bonge lililokamatana, mifuko ya rangi zote, kamba za viroba, kipande cha turubai. Katikati yake majani yalikuwa yamenaswa, mengine bado ya kijani. Utumbo mwembamba ulikuwa umelala bapa, karibu mtupu.

Mama akaokota jani, akalitazama.

"Haya majani niliyakata mimi jana."

Akanigeukia.

"Mwalimu, kwa hiyo muda wote huo alikuwa na njaa?"

Nilifikiri kumwambia kwamba tumbo likijaa huenda mnyama hasikii njaa. Sijui kama ni kweli. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira.

Wanaume walimfukia ng'ombe na ndama wake nyuma ya nyumba. Lile bonge daktari alisema lisiachwe njiani, tukalichoma pembeni mwa uzio. Lilikuwa limelowa, likakataa kushika moto, kisha likaanza kutoa moshi mzito mweusi ulioingia hadi vyumbani. Niliwaondoa watoto wa majirani. Mama nilimshika mkono, nikamwomba aingie ndani. Hakutaka. Alikaa kwenye kigoda chake akikohoa, nami nikasimama nyuma yake.